Lalay Akimbia Mwenyewe

Barabara ya Parañaque ilifungwa kwa kamba tangu alfajiri, na Eulalia Panganiban, ambaye Manila nzima ilimwita Lalay, alikuwa akirukaruka pale pale kama aliyekanyaga makaa. Hakuwa na maumivu yoyote. Ilikuwa furaha, na hasira kidogo.

"Tulia, jasho litaharibu poda," alisema Don Higino, mwongozaji na mwenye kampuni ya filamu.

"Liharibu tu, Don. Mtu anayemkimbiza mwizi wa dada yake hawezi kuwa mkavu."

Kabla ya picha, Lalay alikuwa bingwa wa yadi mia wa wasichana wa visiwa vyote, miaka miwili mfululizo. Alikimbia na kaptula pana za kufungwa magotini mpaka padri mmoja akalalamika kanisani. Kampuni ilimchukua kwa ajili ya sifa hiyo hiyo. Halafu, ajabu ya watu wa picha, walipompata wakamkalisha kitini. Kila penye mbio, Teban, baba wa watoto wanne, alivishwa sketi na nywele za bandia akakimbia yeye, kamera ikimtazama kwa mgongo.

Wiki nzima Lalay alikuwa amemganda Don Higino kama luba. Leo amekubali, lakini kwa sharti.

"Filamu iliyobaki ni ya dakika tatu, nyingine bado iko baharini. Ukiharibu, kuanzia leo mbio zote ni za Teban. Wewe utabaki uso."

"Na nikiweza?"

"Ukiweza, utakimbia mpaka uchoke."

"Basi mwambie Teban akanywe chai."

"Mungu akubariki, dada," alisema Teban, akijikuna chini ya zile nywele.

Jambo moja tu lilimtia Lalay wasiwasi, nalo lilikuwa Piyong, mpiga picha. Kamera ile ilizungushwa kwa mkono. Ukizungusha polepole, ukumbini watu wataonekana wakikimbia mbio za ajabu. Piyong alizoea hivyo, kwa kuwa wasichana wa picha, na sketi zao za kuburura, hutembea kama wanapeleka maua kanisani. Lakini mtu mwenye mbio za kweli akipigwa hivyo, ataonekana kama kuku aliyekatwa kichwa. Ukumbi utacheka, na hapa dada wa watu kaibwa!

"Piyong, kaka yangu, leo zungusha sawasawa."

"Nimesikia."

"Wimbo gani?" Kila mpiga picha alishika mwendo wa mkono kwa wimbo.

"Ule wa kwata, wa shule. Nimesikia, Lalay, sina pamba masikioni."

Shangazi wa Lalay, Aling Otang, alishapanda na mwavuli wake kwenye lori la kamera, pamoja na Don, Piyong na Teban. Msichana wa heshima hakutoka bila shangazi, hata kama anatoka kwenda kumkimbiza mwizi. Mbele yao lilisimama gari la farasi la Mang Kulas, naye kabandikwa ndevu za jambazi.

"Mang Kulas, usinihurumie!"

"Farasi wangu hana huruma, binti. Jihurumie mwenyewe."

Don Higino akapuliza filimbi.

Gari likaondoka, na Lalay akapandisha sketi kwa mkono mmoja akaingia barabarani. Lo! Vumbi likaruka. Ile mikono mipana ya blauzi yake, iliyofumwa kwa nyuzi za nanasi, ikasimama mabegani kama masikio ya popo. Lori likaenda sambamba naye, likikohoa. Hatua ishirini, thelathini, na gari linasogea, linasogea! Akatupa jicho kwa Piyong.

Mkono wa Piyong ulikuwa ukizunguka taratibu, kama wa mpishi anayekoroga uji. Midomo yake iliimba wimbo wa mapenzi, ule wa kubembeleza chini ya dirisha. Mazoea yalikuwa yamemchukua.

Lalay alihisi damu inamchemka. Akisimama, filamu imekwisha. Akinyamaza, atachekwa. Ila picha ilikuwa bubu, na msichana aliyeibiwa dada yake ana haki ya kupiga kelele. Akainua mkono mbinguni, akakunja uso kwa uchungu mkubwa, akapaza sauti:

"Piyong, punda wee! Badilisha wimbo! Unanizika mzima!"

"Uso huo, uso huo!" Don Higino akapiga makofi. "Endelea kulia!"

"Wimbo, Piyong! Shangazi, mwimbie huyo mjinga!"

Aling Otang, kiongozi wa kwaya kwa miaka kumi na saba, hakusubiri kuambiwa mara mbili. Akapiga ubao wa lori kwa mwavuli, akaanzisha ule wa kwata kwa sauti ya kupasua vioo. Teban akadakia. Dereva akadakia. Piyong akashtuka kama aliyeamshwa, na mkono wake ukashika mwendo.

Farasi naye akasikia. Hakuwa amewahi kusikia kitu kama kile. Akalaza masikio, akatimka kweli kweli.

"Hili siyo igizo!" alilia Mang Kulas, ndevu zikining'inia upande mmoja. "Jamani, siyo igizo!"

Lalay akacheka kwa sauti, kisha akakumbuka msiba wake akakifuta kicheko usoni. Akaachia sketi, ikachanika kwenye mshono mpaka pajani, na miguu ikapata nafasi. Sasa ndiyo akakimbia.

"Filamu imebaki futi thelathini!" alipiga kelele Piyong. "Ishirini!"

Vidole vya Lalay vikagusa ubao wa nyuma wa gari, vikateleza. Vikagusa tena, vikashika. Akaruka, goti likagonga, akapanda juu ya kiti, akazinyakua hatamu mikononi mwa Mang Kulas, akajilaza nyuma kwa uzito wake wote. Farasi akapiga chafya, akasimama kando ya mashamba ya chumvi.

Lori likafika.

"Imeingia?" aliuliza Don Higino.

Piyong aliweka sikio kwenye kamera. "Mpaka alipovuta hatamu. Baada ya hapo, hewa tupu."

Don Higino akavua kofia, akajipangusa uso. "Teban," alisema, "utafute kazi nyingine humu humu. Uchoraji wa mabango au chochote."

Lalay aliruka chini, goti likivuja damu, macho yakiwaka. "Tena, Don! Nilikuwa bado sijafikia mbio zangu."

"Hakuna filamu, mtoto wewe!"

"Kwani nani kakuomba filamu?"

Akageuka, akaikamata sketi iliyochanika, akairudia barabara yote mbio, peke yake, huku shangazi akimpigia mwavuli ubaoni.