Programu Isiyouliza

Kwa miaka minne Mama Waya, aliyebandikwa jina hilo kwa kuwa hakukosa waya mfukoni, alikuwa na kinyongo na bosi wake wa kitengo cha kompyuta pale hospitalini.

Bosi ndiye aliyeandika programu ya kufutia faili za zamani. Ukiipa amri, ilifuta papo hapo. Siku moja Mama Waya alikosea, akaacha nafasi katikati ya jina la folda, programu ikalisoma kama majina mawili, na picha za eksirei za wodi ya watoto zikapotea zote. Watoto ishirini wakapigwa picha upya. Bosi akamsimamisha mbele ya kitengo kizima na kumlazimisha aseme, "Kosa ni langu peke yangu." Akasema, machozi yakimlenga. Mumewe alimshauri ayaache yapite. Hayakupita.

Mwaka huu alikabidhiwa programu hiyo aitunze. Wiki ya kwanza tu akaigeuza: sasa ukitoa amri, inakuonyesha kwanza vitakavyofutwa, na haigusi kitu mpaka uandike jina la folda kwa mkono wako.

Bosi alipanda mori. "Mimi niulizwe na kitu nilichokitengeneza mwenyewe?"

"Kwako naweza kuirudisha ya zamani, bosi. Niandikie barua tu, utie sahihi."

Akaandika. Mama Waya angeweza kumwonya. Alipokea barua kwa mikono miwili, akamrudishia ya zamani.

Haikuisha miezi miwili. Asubuhi moja, akiwa na haraka ya kikao, bosi akafuta folda yenye ripoti yake ya mwaka mzima. Akateremka ngazi jasho likimtiririka.

"Mama Waya, niambie una nakala."

Alikuwa nayo. Kila jioni aliinakili folda ile, akiisubiri siku hii. "Nitatafuta," alisema, akarudia chai yake.

Bosi akaenda kikaoni mikono mitupu, akababaika mbele ya wakurugenzi. Saa nane mchana Mama Waya akamrudishia ripoti, na nakala ya ile barua yenye sahihi yake juu yake, wenzake wote wakiangalia.

"Ilikuwepo muda wote?"

"Ilikuwepo."

Bosi alitazama huku na huku. Hakuna aliyeangalia pembeni. "Basi na mimi niwekee hiyo ya kuuliza," alisema.

Akamwekea. Njiani kurudi nyumbani Mama Waya alijichunguza kama anajuta. Alichokiona ni njaa tu, akakaza mwendo.