Kasuku wa Fundi Anabadilisha Nguo

Jua lilipoingia dukani asubuhi ile, liliingia na vumbi lake. Halikuwa vumbi la barabara wala la vitambaa. Lilikuwa vumbi jeupe, laini kama poda ya mtoto, likipanda na kushuka ndani ya mwanga, likitua juu ya cherehani, juu ya mkasi, juu ya mikono ya Mama Vifungo. Lilitoka kwa kasuku. Na chini ya kizimba, juu ya sakafu aliyoifagia jana tu, manyoya yalikuwa yametapakaa tena, ya kijivu, na moja jekundu la mkiani.

Mama Vifungo akaliokota lile jekundu, moyo ukamwenda mbio.

Jamani, si kwamba alimpenda sana ndege yule. Tuseme kweli tu: alimwona mchafu, mjuaji, mla karanga asiye na shukrani. Alikuwa ndege wa mumewe, fundi cherehani, na kizimba chake kilining'inia dukani juu ya meza ya kukatia. Yeye mke alishonea nyumbani, mapindo na matundu ya vifungo, na jina lake likatoka huko. Mchana alipeleka kazi dukani. Fundi aliishika, akaisogeza jichoni, akaigeuza huku na huku, kisha akasema neno moja.

"Fumua."

Ndoa nyingine huenda kwa mashairi. Yao ilikwenda kwa neno hilo. Fumua leo, fumua kesho. Alinuna, akafumua, akashona upya, na miaka ikapita hivyo hivyo.

Kisha fundi akafa. Siku mjane alipolifungua tena duka, peke yake, asijue aanzie wapi, alisikia kisogoni pake: "Fumua." Sauti ile ile, ukali ule ule, na kile kikohozi kidogo mwishoni. Akageuka. Ni kasuku. Akacheka, akalia, akacheka tena, hata mteja aliyekuwa mlangoni hakujua ampe pole au aende zake.

Tangu hapo alishona ndani ya sauti hiyo. Kwa sauti hiyo alifungua duka, kwa sauti hiyo akalifunga. Watu walisema mjane amepoa haraka. Hawakujua kwamba kila siku alikuwa akigombezwa na mumewe, na kwamba kugombezwa huko kulimtosha.

Na sasa manyoya yanaanguka. Leo ya shingo, kesho ya bawa. Na sauti kimya.

Wifi yake, dada wa marehemu, mwenye jibu la kila jambo hata asiloulizwa, alisema ndege wa msiba humfuata mwenyewe kaburini. Afadhali auzwe angali anapumua. Mama Vifungo alimjibu kwamba kama anataka kuuza kitu auze ulimi wake, hautakosa mnunuzi. Lakini wifi alipoondoka, aliegemea meza ya kukatia na kuogopa waziwazi. Mume alikuwa amemzika mara moja. Mara ya pili hakuwa na nguvu nayo.

Basi akafanya analolijua. Labda ni baridi, alijiambia. Akakata kipande cha bitana laini, akamshonea kasuku kikoti, chenye nafasi ya mabawa na kifungo kimoja kifuani, na tundu la kifungo hicho alilishona kwa makini kuliko la bwana harusi yeyote. Kasuku akavishwa. Akajitazama. Akakifumua chote, mshono baada ya mshono, mpaka kikawa nyuzi. Kufumua alikuwa bado anakujua. Kulisema neno lenyewe ndiko kulikomshinda.

Ikabidi aitwe daktari wa mifugo, binti mmoja mwenye mikono iliyozoea ng'ombe. Alimfunga ndege kwa taulo, akampuliza kifuani, manyoya yakafunguka. Akamwita mama asogee. Pale ngozini, katikati ya manyoya machakavu, vilikuwa vimechomoza vijiti vidogo vidogo kama pini kwenye kitambaa, kila kimoja kimevikwa kifuko chembamba.

"Huyu haumwi, mama," alisema. "Ya zamani yanatoka, mapya yanaingia. Kila mwaka huwa hivi."

Kila mwaka! Lo, na aliyekuwa akifagia duka miaka yote hiyo ni fundi mwenyewe, na hakutamka. Mwanamume yule, hata habari ya manyoya alimbania! Mama Vifungo akashusha pumzi ndefu, akaketi.

Akauliza jambo hili linaitwaje. Daktari akakuna kichwa. Nyoka hujivua gamba, alisema, kuku hunyonyoka, mti hupukutisha. Kiingereza kimewakusanya ndege na nyoka na kaa katika neno moja fupi, moult, na hata hilo wenye lugha hawajakubaliana kuliandika. Wengine hutia u, wengine huitupa. Mama Vifungo hakuona ajabu. Wengine hutia bitana, alisema, wengine hawatii, gauni ni lile lile. Kwa hesabu yake yeye, ndege alikuwa anabadilisha nguo, basi.

"Na sauti, mwanangu? Nayo hubadilishwa?"

Daktari hakumdanganya. Ndege katika hali hii huchoka, hunyamaza. Wengi huyarudia maneno yao, ila yeye hawezi kumwapia.

Kwa hiyo nusu ya mzigo ikashuka, nusu ikabaki begani. Akampa yai la kuchemsha, akamnyunyizia maji, akamsubiri. Manyoya mapya yakafunguka, kijivu kilichonyooshwa kama suti ya siku ya kwanza, na mkia mwekundu wa kujivunia. Mzima, mnene, mzuri. Na kimya.

Asubuhi moja akaingia mwanamke mgeni, asiyemjua mtu mtaani pale. Akatembeza macho kwenye nguo zilizotundikwa, akashusha kigauni cha mtoto, akapitisha kidole juu ya matundu ya vifungo, polepole, moja baada ya jingine.

"Nani ameshona hiki?"

Mama Vifungo akafungua kinywa. Lakini jibu lilitoka juu ya meza ya kukatia, kwa sauti nzito, na kikohozi kidogo mwishoni.

"Mke wangu. Mkono huo mimi sina."

Mgeni akageuka kumtafuta mwanamume aliyesema. Mama Vifungo hakugeuka. Alisimama palepale, ameshika ukingo wa meza, machozi yakimtiririka bila aibu, na uso mzima ukicheka. Maneno hayo hakuwahi kuambiwa. Yalikuwa yakisemwa hapa, kwa wateja, yeye akiwa nyumbani anafumua.

"Dada," akamwambia mgeni, "nakuomba, hebu uliza tena."