Anachofanya Mkwe Wangu Stoo

Nilikuwa matroni wa bweni la wasichana mpaka nilipostaafu, kwa hiyo mtu asinifundishe maana ya mlango uliofungwa kwa ndani asubuhi. Kuna simu, kuna barua ya mvulana, au kuna mtu analia. Mkwe wangu, mke wa mwanangu mkubwa, umri wa barua za wavulana umeshampita. Nikabaki na simu.

Kila siku ilikuwa hivyo. Akishabandika maji ya chai, kabla hatujakutana kwa sala, alichukua simu yake, akaingia stoo kule anakoweka majora ya vitambaa vya sare anazoshona, akasukuma komeo. Akitoka macho mekundu, uso umetulia kama wa mtu aliyekata shauri. Halafu ananiamkia kwa upole, na huo upole ndio ulionitia wasiwasi. Mimi na yeye hatukuwa na upole wa namna hiyo.

Hiyo sala ya pamoja niliileta mimi. Kabla sijahamia kwao, mwanangu, ambaye ni fundi wa magari, alikuwa anaruka kutoka kitandani moja kwa moja hadi kwenye pikipiki, hata jina la Mungu halitaji. Nikasema hapana, nyumba ya Mkristo haiamki kama gereji. Tukawa tunakaa sebuleni, wimbo mmoja, somo fupi, kisha naomba mimi. Naomba vizuri, hilo hakuna anayebisha. Na kwa kuwa mbele za Mungu hakuna la kuficha, nilimpelekea yote: "Bwana, wakumbushe wanaosahau kufunika vyombo. Bwana, wape mikono wale wanaokata vitunguu vikubwa vikubwa." Mkwe wangu anaitikia amina. Mwanangu anakohoa.

"Mama," aliniuliza siku moja, "Mungu naye anataka habari za vitunguu?"

"Kwake hakuna dogo," nikamjibu.

Basi, siku moja nikarudi kutoka mkutano wa akina mama kanisani, nikakuta begi langu la safari limeanikwa kwenye kamba. Begi ambalo kazi yake ni kukaa juu ya kabati. Limefuliwa, na ile zipu mbovu imetolewa, imeshonwa mpya. Nyumba nzima mwenye mkono wa kushona zipu ni mmoja tu.

Safari gani? Mimi sikuwa na safari. Ninaye mtoto mwingine, mdogo wake huyu, anaishi mbali na mke ambaye mimi na yeye tunasalimiana kwa kuwa watu wanatutazama. Nyumba niliyopewa na shule niliirudisha siku niliyostaafu, na tangu hapo sina mlango ninaoweza kuuita wangu. Niliogopa, nasema wazi. Mzee ukiona begi lako linafuliwa bila kuulizwa, ujue kuna watu wamekaa kikao.

Nikamfuata kwenye cherehani.

"Begi langu limekosa nini?"

"Lilikuwa na vumbi, Mama. Na zipu ilikuwa imekufa."

"Nani kakutuma?"

Akainamia pindo alilokuwa anashona. "Chai yako itapoa, Mama."

Wasichana wangu wa bweni walikuwa wanajibu hivyohivyo. Ukimuuliza jambo akakutajia chai, jibu umeshalipata. Nikajua kule stoo anaongea na mke wa mwanangu mdogo, wanapangiana siku ya kunipokea.

Kesho yake nikavua ndala, nikanyata hadi jikoni, nikatega sikio mlangoni mwa stoo.

Alikuwa anaongea taratibu. "Jana nilikuja nikasinzia, unisamehe. Leo nipo." Kisha akasoma mistari kadhaa, polepole, anarudia neno hapa na pale, na kumbe simu ilikuwa ya kusomea Neno.

"Sasa lile la Mama," akasema. "Mume wangu ameshaongea na mdogo wake. Kaniambia nimwandalie begi, nimeliandaa, lakini mimi sitaki aende. Nimeshamwambia hapana, na leo nitamwambia tena hapana. Ila na wewe, Mungu wangu, unisaidie, maana jana alivyoomba ile habari ya kola nilizokosea, na mteja aliyewahi kufuata sare amekaa palepale, nilitamani kumfungashia mwenyewe. Nipe moyo wa kukaa naye leo. Leo tu. Kesho nitakuja kuomba ya kesho."

Kwanza nilikasirika. Yaani mimi ni wa kuombewa uvumilivu, kama jino? Aliyepanga kunitoa ni mwanangu wa kumzaa, na aliyekuwa ananigombania ni huyu niliyemvizia kama mwizi. Nilikuwa nadhani nakaa humu kwa sababu ni kwa mwanangu. Kumbe kila siku niliyokaa kuna mtu aliingia stoo akaiomba.

Nilirudi chumbani kuvaa ndala zangu, nikachelewa kidogo kutoka.

Sebuleni mwanangu alikaa karibu na mlango, funguo za pikipiki ziko mkononi. Tukaimba, tukasoma. Wakafumba macho wakinisubiri.

"Leo aombe mwenye nyumba," nikasema.

Mwanangu akajiweka sawa. "Si wewe," nikamwambia. "Mkeo."

Mkwe wangu akanitazama kwa jicho la kutoniamini, na haki yake. "Mimi, Mama? Mimi sijui kuomba kama wewe."

"Ndiyo maana."

Akaomba. Aliombea wateja wake, akaombea barabara na breki za pikipiki ya mumewe. Mimi nilibakiza jicho moja wazi, tabia ya bwenini hiyo, nikingoja zamu yangu. Nilikuwa na hakika atanilipizia. Mimi nisingeiacha nafasi kama ile, ningetaja vitunguu, kola na kusikiliza milangoni.

"Na Mama," akasema, "umjalie siku njema hapa kwetu."

Nikangoja aongeze. Hakuongeza kitu.

"Amina," nikasema. Kisha nikamtegea sikio mwanangu. Alikuwa anatazama funguo zake, anazigeuza, anazigeuza tena. Mkewe hakufumbua macho wala kuinuka, alimsubiri tu.

Alichelewa sana, lakini aliitikia amina.