Baba wa Watatu

Nahodha wa timu aliingia saa nne asubuhi na kitambaa cheupe cha mita tano kikiwa kimekunjwa kwapani. Alikitua juu ya meza ya kukatia, akabaki amesimama.

"Dada, maneno ni machache tu. BABA WA WOTE. Herufi nyekundu, zisomeke kutoka ng'ambo ya kiwanja. Jumamosi saa kumi tunaanza mechi ya kumkumbuka."

Fundi cherehani aliondoa mguu kwenye pedali. Aliyekuwa akikumbukwa ni baba yake, fundi bomba, aliyefariki miezi miwili nyuma kwa maradhi ya moyo, akiwa amepiga magoti chini ya sinki la watu. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa kocha wa kujitolea wa mpira wa kikapu pale mtaani. Kiwanjani walimwita Rudi, kwa sababu timu yake ikipokonywa mpira tu alipiga ukelele huo mpaka mishipa ya shingo ikamsimama: rudi, rudini mkalinde! Mkewe alilitumia jina hilo kwa namna yake. "Anawaambia watoto wa watu rudi," alizoea kusema huku akifunika sahani ya mumewe, "yeye mwenyewe kurudi nyumbani ni mpaka jua lichoke kumsubiri."

"Hayo siyashoni," alisema fundi.

"Yana kosa gani?"

"Ni uongo. Baba alizaa watatu. Mimi, mdogo wangu dereva, na kitindamimba wetu. Hao wote ni kina nani?"

Nahodha, ambaye kazi yake ilikuwa ukinyozi na alishazoea kubishana na watu walioketi, safari hii aliketi yeye. "Ni msemo tu, dada. Mtu mwema akiondoka si huitwa baba wa wote?"

"Huitwa na wasiokuwa wake." Alivuta kitambaa, akakipima kwa macho, akakisukuma. "Sikiliza, kaka. Mezani kwetu mlikaa ninyi, mdomoni mwa baba. Najua goti lako la kushoto hukuuma mvua ikikaribia. Najua yule mrefu wenu anaogopa mbwa hata wa kuchorwa. Namjua aliyekosa mitupo miwili ya fainali fulani akajifungia chooni kulia."

"Huyo ni mimi."

"Najua kwamba ni wewe! Nimekula na ninyi miaka yote na sijawahi kuwaalika. Siku niliyopokea cheti cha ushonaji, baba alifika viti vinakunjwa, filimbi shingoni. Kabla hajanipa mkono alimwambia mkuu wa chuo kwamba mmeshinda."

Kinyozi alikuna kidevu. "Hatukushinda."

"Mlishinda. Alisema mbele yangu."

"Alipoondoka tulikuwa mbele kwa pointi sita, zimebaki dakika nane. Fainali ya kwanza maishani mwetu, dada, na kocha anakusanya mfuko wake. Tukamshika shati. Akasema, 'Leo binti yangu anapewa cheti, mengine malizeni wenyewe.' Hatukuyamaliza. Tulifungwa kwa moja, baada ya mitupo yangu hiyo miwili. Wiki nzima hakuna aliyemsalimia."

Cheti kilikuwa ukutani, nyuma ya kichwa cha mgeni, na fundi hakugeuza macho kukitazama. Alikuwa akipiga hesabu ya safari: kutoka kiwanjani hadi chuoni kwa miguu ilikuwa dakika arobaini, na baba hakuwahi kuwa na mbio.

"Na usidhani ninyi tu ndio mliochoka kutusikia," aliendelea kinyozi. "Jino lako hilo la mbele ni la bandia. Uliangukia ngazi ukiwa na miaka saba, ukalificha lililong'oka ndani ya soksi. Dereva wenu siku yake ya kwanza kazini aligonga lango la mwajiri. Na tukikosa kikapu cha wazi: 'Hata kitindamimba wangu angekifunga hicho, na macho yake yako kitabuni!' Tumekimbizwa na watoto wa Rudi mpaka tukawachukia bila kuwaona."

Fundi aliziba mdomo kwa kiganja. Hasira haikumtoka, ilikosa tu pa kukaa. Mwishowe alichukua mkasi.

"Njoo Ijumaa."

"Utaandika nini?"

"Njoo Ijumaa, nimesema."

Jumamosi kitambaa kilitandazwa juu ya uzio, na watu wakakisoma kwa sauti: BABA WA WATATU. Minong'ono ikapita.

"Watatu? Ina maana ndiye aliyeanzisha pointi tatu?" aliuliza mmoja, na wakongwe wakaangua kicheko, maana marehemu alichukia mitupo ya mbali kuliko homa.

"Wametunyima kocha wetu," alinung'unika mwingine, wala huyo hakucheka.

Fundi alimsikia. Alikaa wima kati ya mama na wadogo zake, mikono mapajani, akingoja kuambiwa akishushe. Alikuwa tayari kukataa.

Nahodha alikuwa na karatasi ya hotuba. Aliitazama, akaitazama familia, akaikunja. "Waliouliza watatu gani," alisema, "ni hawa hapa. Mnawajua."

Walisimama. Kutoka kwenye benchi ikaruka sauti: "Mwenye soksi!" Nyingine: "Dereva, lango limepona?" Yule mrefu alimnyooshea kidole kitindamimba. "Wewe! Kwa ajili yako nimekimbia mizunguko elfu!" Yule aliyenung'unika alisogea uzioni, akakaza kamba ya kitambaa iliyokuwa imelegea.

Fundi alisimama mbele ya watu mia mbili asiowahi kuwasalimia, na kila mmoja alionekana kumjua tangu utotoni. Hakutabasamu. Aliwaitikia kwa kichwa, mmoja mmoja.

Mama alimvuta sketi akae.

"Watatu hao aliwazaa peke yake?"

"Kitambaa kiliisha, mama."

"Mita tano?"

Refa alipuliza filimbi, mpira ukarushwa juu.