Makala ya Ukurasa wa 212

Mukunde alikuwa ametunza maktaba ya chuo kimoja cha Remera kwa miaka kumi na moja, na katika tasnifu yoyote alianza kwa kusoma orodha ya marejeo. Ya Shakira, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, ilimtia shaka kwenye mstari wa tisa: makala ya jarida kuhusu maji katika nyumba za mtaa wa Batsinda, ukurasa wa 212. Toleo lenyewe la jarida hilo lilikuwa kwenye rafu. Liliishia ukurasa wa 180.

Siku hizi wanafunzi waliiuliza simu, nayo ikawatungia vitabu visivyokuwepo. Akamwita Shakira.

"Binti, makala hii umeisoma?"

Shakira akainamisha macho. "Hapana, madamu."

"Umeitunga?"

"Wallahi sijaitunga!"

"Mwaka wa kwanza nilikufundisha kutafuta kitabu kwenye rafu. Wa pili, makala kwenye kompyuta. Mwaka huu nilikwambia nini?"

"Nisitaje nisichokisoma. Nifuate nukuu hadi ilikotoka."

"Basi uliitoa wapi?"

Shakira akatazama mlangoni kwanza, kisha akachomoa karatasi begini. Ilikuwa makala ya mwalimu Bizimana, msimamizi wake mwenyewe. Katika marejeo yake ilitajwa makala ileile: mwandishi yuleyule, ukurasa uleule.

Mukunde alihisi aibu kwa alivyomdhania msichana huyu. Wakakaa pamoja mchana kutwa, wakapekua matoleo mengine ya jarida, wakatafuta jina la mwandishi kwenye orodha za vyuo vingine. Hawakupata hata mstari mmoja wake.

Kesho yake Bizimana alipita maktabani, Mukunde akamwonyesha rejeo lile, naye akacheka. "Kosa la uchapaji tu, Mukunde. Mambo ya zamani hayo."

"Basi ukurasa sahihi ni upi?"

"Nitaangalia." Akaondoka, asirudi.

Shakira alifuta mstari wa tisa pamoja na kila sentensi iliyoutegemea, na sura ya tatu ikabaki na matundu. Akaenda Batsinda siku nne na daftari, akauliza nyumba hadi nyumba maji yanatoka siku zipi. Bizimana alitia sahihi tasnifu ile bila kuinua macho, na Shakira akafaulu.

Alipoleta nakala yenye jalada gumu, Mukunde alimkumbatia. Kisha akaketi, akafungua makala nyingine ya Bizimana, akaanza na rejeo la kwanza.