Rangi ya Kucha Kwenye Hedi

Cherehani ilishauzwa. Ndiyo iliyolipia kuchongwa kwa hedi, kifuniko cha juu cha injini ya gari la mumewe, dereva wa mashindano, na ndiyo maana mama huyu alikuja gereji mwenyewe kuichukua, mtoto mgongoni. Fundi alisifiwa mtaa mzima, lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wengine walinong'ona kwamba hubadilisha: unaleta hedi nzima, unarudi na iliyopasuka. Kwa hiyo kabla haijaletwa, mama aliitia tone jekundu la rangi ya kucha karibu na tundu la boliti, kimyakimya.

Sasa hedi ilikuwa mezani, inang'aa kama sahani ya bi harusi. Akaizunguka. Tone halikuwepo.

"Hii si yetu, fundi."

"Shemeji! Hizi njia za hewa nimezichonga kwa mkono, natia kidole napapasa kama mtu anayetafuta swichi gizani. Leo unaikana?"

"Niliitia rangi ya kucha."

Fundi akaangua kicheko. "Hedi huchemshwa kwenye dawa kabla sijaigusa. Hata dhambi ingetoka!"

Jibu lilikuja upesi mno. Mwenye jibu mfukoni, mama aliwaza, huenda ana kitu kingine humo.

"Basi pima nione kama valvu zinaziba."

"Nimeshapima."

"Pima tena. Nina mtoto mchanga, kusubiri ndiyo kazi yangu."

Fundi akashusha pumzi. Akaipindua hedi juu ya vipande vya mbao, akafunga plagi, akajaza mafuta ya taa katika vyumba vyote vinne. Akachungulia kwenye njia za hewa. "Kavu! Hakuna valvu inayovuja. Umeona?" Akanyoosha mkono aimwage.

"Iache."

Mtoto akanyonya mpaka akasinzia. Ndipo kwenye chumba cha mwisho, mdomoni mwa njia ya moshi, unyevu ukaota kama jasho. Kisha tone likadondoka.

Fundi hakucheka tena. "Valvu hiyo niliisaga jana mbiombio. Mumeo ananipigia simu kila saa, mashindano ni Jumamosi..." Akafuta tone kwa kidole. "Kwa mwendo wa mumeo ingeungua. Ingeondoka na injini yote."

"Na cherehani yangu."

Fundi akaiinua hedi kumwaga mafuta, na mama akaona pembe iliyomeguka: palepale ilipogonga sakafu mumewe alipoiangusha jikoni, akasingizia kilio cha mtoto. Kumbe ni yao. Masikio yakamwaka kwa aibu. Neno la samahani likamfika kooni, akalimeza, akavuta stuli.

"Mume wangu nitampigia mimi. Jumamosi ikipita, ipite. Wewe saga."

"Na wewe utakaa hapo?"

"Nimeshakaa."

Fundi akabandika kijiti cha kusagia kwenye valvu, akaanza kukizungusha kati ya viganja. "Siku nyingine, shemeji, alama tia kwa patasi."

"Nitatia," akasema, macho yakiwa palepale mikononi mwake.