Nguzo za Njano

Magurudumu ya mbele yalipita. Ya nyuma yakakataa. Nikasukuma tena, nikasikia chuma kikisagana na chuma, na vidole vyangu vikabanwa baina ya gurudumu na nguzo ya njano iliyokuwa bado inanuka rangi. Juu yangu, kwenye jukwaa la kituo, basi lilikuwa limekwisha fika. Mlango ulikuwa wazi na ubao wa kupandia umeteremshwa. Ulikuwa ubao mzuri, mpana, na ulikuwa ukinisubiri mimi, nami nilikuwa chini ya mteremko wa zege, nimekwama kama kabati kwenye mlango mwembamba.

"Dada, unapanda au hupandi?" dereva akauliza.

Maswali mengine hayastahili jibu. Nilivuta pumzi, nikarudi nyuma kidogo, nikaelekeza upya kiti changu cha magurudumu, nikasukuma kwa nguvu zote. Kiti kikalia. Nguzo haikutikisika. Aliyeisimika alikuwa fundi hasa.

Ijumaa iliyotangulia, msimamizi wangu wa kazi alikuwa amenipa neno la mwisho. Nilikuwa katika kipindi cha majaribio kwenye shirika la maji, kupokea malalamiko ya wateja kwa simu. Kutwa nzima watu walinifokea kwa sababu ya mabomba ambayo sikuyapasua mimi, na niliipenda kazi ile kuliko ninavyoweza kueleza. Kwenye simu hakuna aliyenihurumia. Walinikasirikia kama wanavyomkasirikia mtu mwingine yeyote. Lakini nilikuwa nachelewa, na msimamizi hakuwa mtu wa hadithi ndefu. "Jumatatu nikifika kabla yako," alisema, "usijisumbue kuketi." Neno hilo lilipomtoka akakitazama kiti changu, akakohoa, ila hakulifuta.

Nilichelewa kwa sababu ya pikipiki. Na ili mtu aelewe habari ya pikipiki, hana budi kwanza aelewe habari ya mgongo wa kaka yangu.

Tangu maradhi yaliponichukua miguu utotoni, Kaka ndiye aliyenibeba. Mama alimkabidhi kazi hiyo kwa maneno machache, akiwa anafua na wala hakuinua uso: "Wewe ndiye miguu ya mdogo wako." Naye akalishika neno hilo kama kiapo. Alinibeba shuleni, kliniki, harusini, msibani. Kiti akikikunja na kukishika kwa mkono mmoja, mimi nikiwa mgongoni. Mtaa mzima ukamwita Winchi, kama ile mashine ya kunyanyulia mizigo, na alipofungua karakana yake ya kuchomelea vyuma ubavuni mwa kituo cha basi, aliandika jina hilohilo mlangoni kwa herufi kubwa. Mgongo ule niliujua kuliko nilivyoujua uso wangu. Nilimpenda kaka yangu, nampenda hadi leo. Lakini aliye mgongoni huenda anakokwenda mwenye mgongo, na hurudi mwenye mgongo akichoka. Huwezi kuuambia mgongo, "Nisubiri kidogo, bado nazungumza."

Kwa hiyo chama chetu kilipoanza kudai basi lenye ubao na kituo chenye mteremko, nilikuwa mstari wa mbele. Tulizungushwa miaka. Ofisi moja ilikuwa ghorofani na haikuwa na lifti, na kila tulipokwenda karani alishuka kutuambia kwamba mhusika hana nafasi ya kushuka. Tulikwenda tena na tena, mpaka nadhani walichoka kutuona pale chini. Basi likaletwa. Mteremko ukajengwa. Mara ya kwanza nilipoupanda peke yangu, bila mkono wa mtu nyuma yangu, nilicheka kwa sauti mpaka abiria wakageuka kunitazama.

Kisha wenye pikipiki wakaugundua. Wengine walipita juu yake kukwepa foleni, wengine waliegesha hapohapo wakisubiri abiria, na kila asubuhi nikawa mtu wa kuomba: samahani kaka, naomba nipite, tafadhali sogeza. Nilipokuwa nikiomba hivyo, basi lilikuwa likiondoka. Tukalalamika tena. Halmashauri ikakubali kwamba zisimikwe nguzo za kuzuia pikipiki, na kazi hiyo akapewa fundi.

Jumapili jioni Kaka alirudi nyumbani na rangi ya njano hadi kwenye kope.

"Kesho utaona," alisema, akicheka peke yake. "Adui zako nimekumalizia."

Sikumdadisi. Kaka alipenda siri zake ndogo ndogo, nami nilimwachia. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Basi nilipokuwa nimekwama pale, nilimwona akitoka karakanani. Alikuwa amevaa shati jipya. Asubuhi ile, siku ya kazi, fundi wa kuchomelea alikuwa amevaa shati jipya jeupe, kwa sababu alitaka kusimama pale amtazame mdogo wake akipita. Tabasamu lake lilikuwa bado usoni aliponifikia.

"Sukuma kidogo kushoto," akasema.

"Hakipiti, Kaka."

"Kinapita. Nimepima mwenyewe. Usukani wa pikipiki hauingii hapo hata kwa dawa."

Hakuwa amefunga kinywa pale pikipiki ilipokuja kwenye uwazi wa pili, kati ya nguzo ya kati na ya mwisho. Mwenye nayo akapunguza mwendo, akakata usukani, akakilaza chombo kidogo, akapenya. "Za asubuhi, Winchi!" akasema, akapanda mteremko wangu, akaenda zake.

"Na kiti changu," nikamwuliza, "ulikipima?"

"Kiti?"

Alilitamka neno hilo kama mtu aliyeulizwa habari za jirani aliyehama zamani. Akakitazama kiti, akatazama nguzo, akakitazama kiti tena. Hapo ndipo nilipoelewa, na uelewa wenyewe uliniuma kuliko vidole vyangu. Miaka yote ile, kwake kiti kilikuwa kitu cha kukunjwa na kushikwa kwa mkono mmoja. Mimi nilikuwa mgongoni. Kaka yangu alijua uzito wangu kuliko mtu yeyote duniani, ila machoni pake upana sikuwa nao.

"Si abebwe tu, jamani!" sauti ikatoka ndani ya basi. "Sisi tunachelewa."

"Mimi ubao nimeshateremsha," dereva akasema, akijitetea kabla ya kushtakiwa.

Na kweli alikuwa ameuteremsha. Mwashi naye alijenga mteremko, halmashauri ikatoa kibali, fundi akasimika nguzo. Hapakuwa na hata mmoja ambaye hakutimiza wajibu wake asubuhi ile, na mimi nilikuwa nimebanwa katikati ya wajibu wao wote. Waliosema nia njema ni tabibu, nilitamani waje wanitibu pale.

Kaka akageuka, akachuchumaa mbele yangu, akanipa mgongo. Shati jeupe likamkaza mabegani.

"Panda," akasema kwa upole. "Ni hapa na hapo tu. Utafika kabla yake."

Alikuwa anajua habari ya msimamizi. Wote walikuwa na haki, hilo ndilo lililonichoma. Ningeweka mikono shingoni mwake, ningekuwa ndani ya basi kufumba na kufumbua, na kazi yangu ingebaki. Kesho yake angekuwepo tena. Na keshokutwa. Na nguzo zingebaki hapo milele, maana zingemsumbua nani?

Nikafunga breki.

"Nenda," nikamwambia dereva.

Akanitazama, akamtazama Kaka, akaupandisha ubao. Basi likaondoka, na kazi yangu ndani yake.

"Umerukwa na akili?" Kaka akasimama. "Unatupa kazi kwa sababu ya nguzo?"

Nilikivuta kiti nyuma mpaka kikanasuka, nikashika ukingo wa zege, nikajiteremsha, nikakaa chini kwenye vumbi na gauni langu la ofisini.

"Kaa wewe," nikamwambia. "Kaa, upite."

Alidhani natania. Alipoona sitanii, akakaa. Mwanzoni alisukuma kwa kujiamini, kama mtu aliyezoea kushinda vyuma. Magurudumu ya mbele yakapita. Ya nyuma yakakataa. Akajaribu upande wa pili, akajaribu kwa kukimbiza, akachubuka vidole. Muuza magazeti aliyekuwa akitutazama muda wote akashindwa kujizuia.

"Winchi, tukubebe?"

Watu wakacheka. Kaka hakucheka. Alibaki amekaa pale, mikono mapajani, akiutazama mteremko ambao aliupita kila siku bila kuuona.

"Huku chini," akasema, "kituo kinaonekana kiko mbali."

Akaondoka kitini, akaingia karakanani, akarudi na mashine ya kukatia vyuma huku akivuta waya nyuma yake. Akavua shati jipya, akanirushia nijifunike cheche zisiniunguze. Nilikaa chini ya shati lile, nikanusa sabuni yake na jasho lake, nikasikia nguzo ya kati ikipiga kelele mpaka ikaanguka. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile nililia, na nilishukuru kwamba hakuna aliyeniona.

Basi lililofuata lilipokuja, nilikuwa nimekwisha rudi kitini. Gurudumu la kushoto likagonga kisiki cha nguzo, likakivuka. Nikapanda mteremko, nikapanda ubao, nikaingia. Kaka alikuja nyuma yangu, kifua wazi, mikono yake ikiwa karibu na kiti bila kukigusa. Akaingia naye mpaka ndani.

"Na wewe unakwenda wapi?" dereva akamwuliza.

Kaka akafungua kinywa. Akanitazama. Nadhani hakuwahi kuulizwa swali hilo tangu tulipokuwa watoto.

"Haendi," nikamwambia dereva. "Amenisindikiza tu."

Akashuka.

Kazi ile niliipoteza. Msimamizi alikuwa mtu wa neno lake. Simlaumu sana, namlaumu kiasi. Baadaye nilipata nyingine, mbali zaidi, mwisho wa njia ya basi hilohilo. Pikipiki nazo zilirudi, bila shaka, na chama chetu kikaanza upya kuzunguka maofisini. Kisiki bado kipo. Kaka alikikata kwa haraka siku ile, kila siku husema atakuja kukisaga kiwe sawa na zege, nami humwambia akiache.

Asubuhi gurudumu likikigonga, Kaka hutoka mlangoni mwa karakana. Hasogei. Hunipungia mkono mmoja, kisha hutazama mikono yake yote miwili, akaitia mifukoni.